Sayansi ya Mazingira Nje ya Darasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanafunzi wa Vyuo

Wanafunzi hunijia na swali moja lenye sura ishirini: nifanye nini ili niijue sayansi ya mazingira kwa vitendo, si kwa kukariri slaidi za mhadhara? Hapa nimekusanya yale yanayorudi kila muhula. Majibu mengi yanazunguka kipimo kimoja ninachokitumia kwa nafasi yoyote, iwe kambi yenye jina kubwa au kazi ya Jumamosi asubuhi: ukitoka hapo utakuwa umepima nini kwa mkono wako, na nani ataweza kusema alikuona ukikipima?

Niko mwaka wa kwanza. Si mapema mno?

Hapana. Nafasi zinazogombewa hutaka mtu mwenye uzoefu kidogo, na huo uzoefu kidogo hupatikana vizuri zaidi mwaka wa kwanza, wakati hakuna anayekutegemea kwa jambo kubwa. Mtafiti anayetafuta mtu wa kuosha chupa za sampuli, kubandika lebo au kushika ncha ya pili ya futi hachagui kwa alama za mtihani. Anamchagua anayefika kwa wakati na kuuliza pale asipoelewa. Ukifika mwaka wa mwisho, tasnifu itakuwa imekubana na kila kosa litakugharimu. Kosea sasa.

Nasoma fani nyingine kabisa. Watanikubali?

Paul Crutzen alisomea uhandisi wa ujenzi na akafanya kazi ya madaraja Amsterdam. Mwaka 1959 akapata kazi ya kuandika programu za kompyuta katika idara ya hali ya hewa ya Chuo Kikuu cha Stockholm, na yeye hakuwa amewahi kuandika programu hata moja. Kwa kuwa alikuwa ameketi katikati ya wanasayansi wa angahewa, akaanza kuhudhuria mihadhara yao. Mwaka 1995 alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Mario Molina na Sherwood Rowland kwa kazi zao kuhusu ozoni. Wangari Maathai naye, kabla ya kuanzisha Green Belt Movement, harakati ya upandaji miti nchini Kenya, mwaka 1977, alikuwa mtaalamu wa anatomia ya wanyama.

Kwa hiyo usijifanye mwanaikolojia. Weka mbele kile ulichonacho. Mhandisi anajua kukokotoa mtiririko wa maji kwenye mfereji. Mwanafunzi wa uchumi anajua kutunga dodoso lisilomwelekeza mjibuji. Mwanafunzi wa kompyuta atamaliza kwa alasiri moja kazi ya kusafisha majedwali ambayo wengine wameihangaikia mwezi mzima. Miradi mingi ya mazingira ina watu wa kutosha wanaopenda ndege na ina upungufu mkubwa wa watu wanaoweza kupanga data.

Nafasi zenyewe ni za aina gani?

Kuna kozi za nyanjani, ambazo huchukua wiki chache na hufundishwa msituni, ziwani au pwani. Kuna usaidizi wa utafiti, yaani kumfanyia kazi mhadhiri au mwanafunzi wa uzamivu. Kuna mafunzo tarajali kwenye wizara, mamlaka za maji, mashirika na kampuni za ushauri. Kuna kozi za mtandaoni, sayansi shirikishi (watu wa kawaida kukusanya data za watafiti), mashindano ya kuandika na ya kuchambua data, na mikutano. Halafu kuna aina ambayo haitangazwi popote: mradi wako mwenyewe mdogo. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na nitairudia hapo chini.

Kituo cha utafiti cha nyanjani ni kitu gani, na kwa nini kila mhadhiri anakisifia?

Ni mahali ambapo watu wamepima kitu kilekile kwa muda mrefu kuliko uhai wa mradi wowote mmoja. Thamani yake iko hapo.

Chukua Hubbard Brook, msitu wa majaribio katika jimbo la New Hampshire, Marekani, uliotengwa mwaka 1955. Kuanzia 1963 Herbert Bormann, Gene Likens na wenzao walianza kupima kila kinachoingia kwenye mabonde madogo ya msitu huo kupitia mvua na kila kinachotoka kupitia kijito. Ni hesabu kama ya duka, mapato na matumizi, ila bidhaa ni kalisi, nitrati na maji. Hesabu hiyo ndiyo iliyoonesha kwamba mvua ya eneo lile ilikuwa na asidi nyingi kupita kiasi. Baadaye walikata miti yote ya bonde moja, wakaiacha palepale chini na kuzuia mimea isichipue. Nitrati kwenye kijito ikapanda mno. Hapo ikaeleweka, kwa namba, kwamba msitu ulio hai ndio unaozuia rutuba isisombwe.

Au kisiwa cha Barro Colorado huko Panama. Kilikuwa kilima tu hadi bonde lilipojazwa maji kwa ajili ya mfereji. Katika hekta 50 za msitu wake, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, kila mti wenye kipenyo cha kuanzia sentimita moja umepimwa, ukapewa namba na kuwekwa kwenye ramani, na kazi hiyo hurudiwa takriban kila miaka mitano. Ni miti zaidi ya laki mbili. Anayepima ni nani? Mara nyingi ni vijana wa rika lako, wenye futi shingoni na matope magotini.

Ukifika kituoni unaingia katikati ya mazungumzo yaliyoanza kabla hujazaliwa. Pia unakula meza moja na watafiti. Nimeona mada nyingi za tasnifu zikizaliwa wakati wa chakula cha jioni kuliko ofisini.

Nifikeje huko?

Kwa njia ya kozi. Organization for Tropical Studies, iliyoanzishwa mwaka 1963, hufundisha wanafunzi wa vyuo kwenye vituo kama La Selva nchini Costa Rica. Tropical Biology Association huendesha kozi za mwezi mmoja zinazowakutanisha wanafunzi wa Afrika na wa Ulaya. School for Field Studies ina vituo katika nchi kadhaa na kozi zake huhesabika kwenye shahada za vyuo vingi vya Marekani. Kwa raia na wakazi wa kudumu wa Marekani kuna mpango wa REU wa shirika la sayansi la taifa, NSF: majira ya joto, kwa kawaida wiki nane hadi kumi, unapewa posho na mara nyingi malazi. Soma masharti ya uraia kabla ya kitu kingine chochote. Nimewahi kukesha juu ya fomu ya maombi ambayo mstari wake wa pili ulikuwa umeshanitoa mashindanoni.

Maombi mengi hufungwa miezi minne hadi sita kabla ya kozi kuanza. Anayesubiri likizo ifike ndipo atafute, amechelewa.

Chuo chetu hakina kituo, na nauli sina. Basi?

Basi tafuta kijito, bwawa, mtaro wa maji ya mvua au mstari wa miti unaoweza kuufikia kwa miguu, kisha uupime kila wiki, siku ileile, saa ileile, kwa muhula mzima. Sitanii. Mwanafunzi mwenye vipimo kumi na nne vya kijito kimoja ana mengi ya kusema kuliko aliyezunguka hifadhi tatu akipiga picha.

Saa ileile si ushamba. Oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji hupanda mchana mimea ya majini inapotengeneza chakula, na hushuka usiku. Ukipima Jumatatu alfajiri na Jumatatu nyingine alasiri, umepima jua na hujapima kijito.

Pima joto la maji. Pima pH kwa karatasi za kawaida za maabara, ukijua kwamba hazikupi usahihi wa desimali. Pima kasi ya maji: tupia kitu kinachoelea, hesabu sekunde zinazopita hadi kisafiri mita kumi, rudia mara tano. Kisha geuza mawe. Chini ya mawe kuna lava wa wadudu, nao ni mashahidi wazuri kuliko kemikali, kwa sababu kemikali hupita na maji lakini lava amekaa hapo wiki nyingi. Lava wa kundi la Plecoptera na wengi wa kundi la Ephemeroptera, ambao mara nyingi huwa na mikia mitatu myembamba, huhitaji maji safi yenye oksijeni ya kutosha. Ukikuta wale wekundu tu wa familia ya Chironomidae, jua oksijeni huenda ni haba. Wekundu wao unatokana na hemoglobini inayowasaidia kuishi hapo. Kuna njia iliyorahisishwa iitwayo miniSASS, iliyobuniwa Afrika Kusini, inayowagawa viumbe hawa katika makundi 13 na kukupa alama ya afya ya mto. Huhitaji kujua spishi hata moja.

Mwisho wa muhula una jedwali, grafu mbili na swali. Mpelekee mhadhiri hivyo vitatu. Utaona jinsi mazungumzo yanavyobadilika.

Nahitaji vifaa gani?

Vichache. Daftari lenye jalada gumu, penseli (wino huyeyuka ukilowa), kipimajoto, futi, saa na mifuko midogo inayofungika. Kwa bwawa au ziwa, tengeneza diski ya Secchi, ya kupimia uwazi wa maji: sahani ya bati au plastiki ya sentimita 20, iliyogawanywa robo nne zilizopakwa rangi nyeusi na nyeupe kwa kupokezana, ikafungwa kamba yenye alama za kina na uzito chini. Ishushe hadi isionekane, andika kina. Padri Angelo Secchi wa Italia alijaribu wazo hilo baharini mwaka 1865, na hadi leo watafiti wa maziwa hawajaiacha.

Kila mstari wa daftari uwe na tarehe, saa, mahali, hali ya hewa na jina la aliyepima. Namba isiyo na tarehe ni ya kutupa.

Naweza kutumia data za watu wengine badala ya kukusanya zangu?

Unaweza, na zipo nyingi kuliko wasomaji. Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa mwaka 1972, na tangu 2008 kumbukumbu yake yote ni bure kwa yeyote. Setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya hutoa taswira ambazo pikseli yake inafikia mita 10 kwa 10, za bure vilevile. Kwa hiyo ukitaka kujua ziwa fulani limesinyaa kiasi gani kwa miaka arobaini, kizuizi ni mawingu na subira yako. Kwa mvua, hifadhi ya data iitwayo CHIRPS ina makadirio tangu 1981. Kwa mimea na wanyama kuna GBIF, hifadhi ya kimataifa ya data yenye makao Copenhagen, inayokusanya kumbukumbu zaidi ya bilioni mbili za mahali na wakati kiumbe kilipoonekana.

Onyo moja la kweli. Data za GBIF zinaeleza walikokwenda watu kama vile zinavyoeleza waliko wanyama. Chora ramani ya ndege na utashangaa jinsi "wanavyopenda" kukaa kando ya barabara na karibu na vyuo vikuu. Mwanafunzi anayeuona upotofu huo mwenyewe na kuujadili amevuka hatua ambayo wengi huifikia wakiwa kwenye uzamili.

Nijifunze programu gani?

QGIS kwa ramani na R kwa takwimu. Zote ni huria na bure. Python ukishazoea. Usijifunze zote kwa pamoja, na usianze na mafunzo ya jumla yasiyo na mwisho. Chukua jedwali lako la kijito na ujilazimishe kuchora grafu moja tu kwa R. Utakwama kwa siku mbili kwenye tarehe (kila mtu hukwama kwenye tarehe), kisha mengine yatafunguka.

Kozi za mtandaoni zina thamani yoyote?

Zina thamani ya maarifa. Cheti chenyewe hakimshtui mtu. NASA ina mafunzo ya bure ya kutumia taswira za setilaiti yaitwayo ARSET, nayo ni mazuri sana kwa sababu yanakupa mazoezi yenye data halisi. UN CC:Learn, mpango wa Umoja wa Mataifa, ina kozi za bure za tabianchi, na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja huo, inazo za ardhi, misitu na kilimo. Chagua moja, imalize, halafu tumia ulichojifunza kwenye kitu chako. Wasifu wenye vyeti kumi na vitano bila kazi hata moja iliyofanywa navyo humpa msomaji wasiwasi kuliko wasifu mtupu.

Kupiga picha wadudu kwa simu na kuzipakia iNaturalist, hiyo nayo ni sayansi?

Ndiyo, ukifanya kwa utaratibu. iNaturalist, jukwaa la mtandaoni la kutambua viumbe, ilianza mwaka 2008 kama mradi wa wanafunzi wa uzamili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Picha yenye tarehe na mahali, ikithibitishwa na watambuaji wengine, hupanda daraja la utafiti na nyingi ya kumbukumbu hizo huingia GBIF. eBird ya Chuo Kikuu cha Cornell, iliyoanza 2002, inafanya hivyo kwa ndege, na inakuuliza jambo ambalo wengi hulipuuza: ulikaa dakika ngapi, ulitembea umbali gani, na je, umeorodhesha ndege wote uliowatambua? Orodha kamili ya dakika kumi na tano inamfaa mtafiti kuliko picha moja nzuri ya tai, kwa sababu inaeleza pia ni nani hakuonekana.

Mafunzo tarajali yasiyo na malipo, niyakubali?

Inategemea nani anakulisha. Nafasi za tarajali za Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa, zikiwemo za UNEP, shirika lake la mazingira, hazina mshahara, na jina hilo kwenye wasifu lina uzito. Lakini miezi mitatu katika jiji la gharama bila kipato ni mkopo unaojichukulia mwenyewe. Kama unakubali, uliza kwanza mambo mawili: nitafanya kazi gani mahususi, na nani atanisimamia? Ukijibiwa "utasaidia shughuli mbalimbali za ofisi", elewa kwamba utapiga picha za semina.

Ofisi moja niliyopitia enzi zangu iliniweka wiki sita nikipanga majalada. Nilikuwa na hasira, mpaka nikaanza kuyasoma. Yalikuwa ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira, na nilijifunza humo jinsi mshauri mvivu anavyonakili orodha ya ndege kutoka mradi mmoja hadi mwingine bila hata kubadilisha mkoa. Siwashauri mtegemee bahati ya namna hiyo.

Kuna programu ya kujitolea inayotaka nilipe ndiyo nikubaliwe. Ni utapeli?

Si lazima. Kozi halali za nyanjani hutoza ada, maana chakula, gari na walimu vinagharimiwa na mtu. Cha kuchunguza ni unachopewa. Je, data zinazokusanywa zimewahi kuchapishwa au kutumiwa na mamlaka yoyote? Kuna mtafiti mwenye jina na taasisi? Kuna ruzuku kwa wasio na uwezo? Programu inayokuuzia kumbeba mnyama pori mchanga na kupiga naye picha si ya sayansi wala ya uhifadhi; kimbia. Na anayetaka "ada ya kushughulikia visa" ndani ya saa 24 kupitia akaunti ya mtu binafsi, huyo ni tapeli, hakuna mjadala.

Nimwandikieje mhadhiri nisiyemfahamu?

Kwa ufupi, na kuhusu kazi yake. Barua nyingi zinazopuuzwa zinaanza na historia ya mwombaji tangu shule ya msingi na kuishia na "nipo tayari kwa kazi yoyote". Yenye nafasi ya kujibiwa inafanana na hii:

"Shikamoo Profesa. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa jiografia. Nimesoma makala yako kuhusu mashapo ya mtoni, na sikuelewa kwa nini sampuli zilichukuliwa baada tu ya mvua na si wakati wa mvua. Muhula uliopita nilipima kijito kilicho karibu na chuo kwa wiki 14, jedwali nimeliambatisha. Naomba kama kuna nafasi ya kusaidia nyanjani au maabara Jumamosi, hata kwa kuosha vyombo. Asante kwa muda wako."

Usipojibiwa, subiri wiki mbili, kumbusha mara moja tu. Kisha mwandikie mwanafunzi wake wa uzamivu, ambaye ndiye hasa mwenye sampuli mia tatu na mikono miwili.

Nimepata nafasi, lakini kazi yangu ni kuingiza namba kwenye kompyuta tu. Nimedanganywa?

Mwaka 1977 kijana mmoja aliyetoka kusoma fizikia, Jonathan Shanklin, aliajiriwa na shirika la utafiti wa Antaktika la Uingereza. Kazi mojawapo aliyokabidhiwa ni kushughulikia rundo la vipimo vya ozoni vilivyoandikwa kwa mkono, vilivyokuwa vimelimbikizana. Vipimo hivyo vilitoka kwenye chombo cha Dobson, cha kupimia ozoni, katika kituo cha Halley huko Antaktika, vilikoanza kuchukuliwa miaka ya 1950. Ni kazi kavu kabisa. Lakini namba zilipopangwa mwaka baada ya mwaka, zilionesha ozoni ya majira ya kuchipua ya kusini ikishuka, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 upungufu ulikuwa mkubwa usioweza kuitwa hitilafu ya chombo. Mei 1985 yeye, Joe Farman na Brian Gardiner walichapisha matokeo hayo, na dunia ikajua kuna tundu kwenye tabaka la ozoni, gesi ya angani inayotukinga na mionzi mikali ya jua. Itifaki ya Montreal, mkataba wa kudhibiti kemikali zinazoharibu ozoni, ilitiwa saini Septemba 1987, miaka miwili tu baadaye.

Sikuahidi tundu la ozoni. Nasema anayeingiza data ndiye mtu wa kwanza kuziona zote. Kila siku chora grafu ya ulichoingiza. Namba isiyokaa vizuri iandike pembeni na uulize. Nusu ya hizo ni makosa ya mwandiko, na msimamizi wako atakushukuru. Nusu nyingine ndiyo inayovutia.

Matokeo yangu hayaoneshi tofauti yoyote. Nimeshindwa?

La. "Sikuona tofauti" ni jibu, mradi uoneshe kwamba sampuli zako zingetosha kuiona kama ingekuwepo. Kama ulichukua tatu tu, tatizo ni idadi. Usianze kuchagua chagua siku zinazokupendeza.

Makala za kisayansi zimefungwa kwa malipo. Nisome vipi?

Uliza maktaba ya chuo kama imejisajili Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato cha chini makala bure au kwa bei nafuu. Vyuo vingi vimo na wanafunzi hawajui. Ikishindikana, mwandikie mwandishi wa makala. Karibu kila mmoja hufurahi kutuma nakala, maana ni wachache sana wanaomsoma. Ripoti za IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, ni bure zote. Anza na muhtasari wa kiufundi, kwani muhtasari wa watunga sera umechujwa mstari kwa mstari na wajumbe wa serikali.

Nahitaji kibali kuchukua sampuli?

Kwa kutazama, kuhesabu na kupiga picha mahali pa umma, kwa kawaida huhitaji. Kwa kuchukua mmea, mdudu au udongo kutoka hifadhini, karibu kila nchi itakutaka kibali, na kuvusha mpaka ni jambo jingine zito: Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inataka nchi ilikotoka rasilimali ya kijenetiki iridhie na inufaike. Kuhusu watu, dodoso lolote lipitie kamati ya maadili ya utafiti ya chuo chako kabla hujamhoji mtu wa kwanza. Baada ya hapo hairekebishiki.

Na usalama?

Usiende peke yako, hasa kwenye maji. Mwachie mtu ujumbe: uko wapi, unarudi saa ngapi, na akuulizie saa ngapi ikiwa hujarudi. Maji yakifika magotini na yanakwenda kasi, usiingie, hata kama kipimo cha wiki hii kitakosekana; pengo kwenye jedwali linaelezeka. Katika maji yasiyo ya chumvi ya ukanda wa joto kuna vimelea vya kichocho, vinavyopenya ngozi bila wewe kuhisi kitu, kwa hiyo vaa buti ndefu na glavu. Mkojo wa panya kwenye maji yaliyotuama unaweza kuleta ugonjwa pia. Funika vidonda.

Nina ulemavu wa viungo, au sipendi tu matope. Nina nafasi?

Unayo. Taswira za setilaiti, uundaji wa modeli, kemia ya maabara, sheria na sera, vyote havidai upande mlima. Tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo ilianza kisheria na sheria ya NEPA ya Marekani iliyotiwa saini Januari 1, 1970, inahitaji wasomaji makini kuliko wapandaji hodari. Mwenye ulemavu anayetaka kwenda nyanjani naye aulize kituo moja kwa moja kuhusu njia na malazi. Vingine vimejiandaa, na visivyojiandaa vinapaswa kuulizwa.

Nimealikwa kuwasilisha kwenye mkutano wa kimataifa, na hata sikuomba!

Futa barua hiyo. Mikutano na majarida yanayowinda ada za wanafunzi huanza hivyohivyo, kwa sifa. Mkutano wa kweli unakutaka utume ikisisi, unakufanya usubiri, na una kamati yenye watu ambao msimamizi wako anawafahamu. Anza na bango kwenye kongamano la wanafunzi la chuo.

Daftari langu la nyanjani limelowa. Nifanyeje?

Usilifunge. Weka karatasi ya kufyonza maji kati ya kurasa, lisimamishe wima kivulini penye upepo, usilianike juani wala usilipige pasi. Penseli itasomeka. Na kuanzia leo, piga picha kila ukurasa jioni kabla hujavua buti.